Mkono wa Mkwe

Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025. Ukungu ulikuwa umetanda tangu alfajiri, ule mzito unaokaa juu ya mashamba ya chai hadi saa nne na kulowesha nguo bila mvua kunyesha. Hema tulilokodi lilikuwa likidondosha maji pembeni. Watu waliotoka Londiani walisema kwao ilikuwa imenyesha mvua ya mawe. Siku hiyo tulimzika mama yangu, na mume wangu alikuwa amekatazwa kukanyaga boma letu.

Alisimama ng'ambo ya chai, barabarani, amevaa koti lake la kanisani na gambuti. Nilikuwa nimekaa na wafiwa mstari wa mbele, na kila nilipoinua macho nilimwona. Alikuwa amevua kofia, na ukungu ulimtulia kwenye nywele kama unga. Watu waliokuja kwa kuchelewa walimpita bila kumsalimu. Wengine walimsalimu kwa haraka, wakitazama kwanza upande wa hema kuona ni nani anayewatazama.

Niliomba moyoni: Bwana, kifungue kinywa changu au kifunge, lakini usiniache hapa katikati.

Maana katikati ndipo nilipokuwa nimekaa siku ile bwawani, na ndiyo sababu ni mimi peke yangu niliyeona.

Mama yangu aliitwa Bot Aron, yaani mama yake Aron, kaka yangu mkubwa. Baba alipofariki tungali wadogo, mama alipata kazi kwenye karakana moja mjini Kericho inayotengeneza nzi wa kuvulia samaki. Si nzi wa kweli. Ni ndoano ndogo, nyingine hazizidi punje ya mchele, zinazofungwa uzi na manyoya ya shingo ya jogoo mpaka zifanane na mdudu aliyeanguka majini. Nzi hao walifungwa kwenye vijisanduku wakapelekwa ng'ambo, wengi wao Uskoti, nchi yenye maziwa mengi ya maji baridi, ambako watu huvua samaki aina ya trauti wakati wa kiangazi chao. Mgeni mmoja kutoka huko aliwahi kuwaambia akina mama wa karakana kwamba kiangazi cha kwao ni kama baridi hii yetu ya Julai. Mama alicheka mpaka akaangusha mkasi.

"Sasa ikifika baridi yenyewe, hao wanaishi wapi?" akasema. "Ndani ya friji?"

Samaki mwenyewe hakumla. Watu wa rika lake walimhesabu samaki pamoja na nyoka. Lakini kazi aliipenda. Aliketi benchi moja na Jecinta, mama Mkikuyu ambaye wazazi wake walihamia Londiani zamani kutoka Nyeri, na hao wawili walizeeka pamoja wakitaniana juu ya vibanio vyao vya chuma. Macho ya mama yalipoanza kuingia wingu, akaambiwa apumzike nyumbani, Jecinta alimsindikiza mpaka langoni na kumwambia, "Bot Aron, kweli utakufa bila kumwona hata mteja wako mmoja?"

Maneno hayo yalimwingia. Alirudi nayo nyumbani na hakuyaacha.

"Chemutai," aliniambia, "nimepika maisha yangu yote, sijawahi kumwona mtu akila."

Daktari alisema wingu la macho lingeendelea. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia liliona vitu vya karibu tu, tena mchana. Mama hakuomba kitu kingine kwa mtoto yeyote. Alitaka tu kumwona trauti akipanda kumchukua nzi aliyemfunga kwa mkono wake, kabla jicho la kulia halijafumba.

Na mume wangu, Kiplimo, ndiye mlinzi wa bwawa lililo juu ya mashamba ya chai. Wazungu walitia trauti humo zamani, kisha wakaondoka, na samaki wakabaki wakizaana wenyewe kwenye kijito kinacholisha bwawa. Wageni wakija kuvua, Kiplimo huwapeleka kwa boti. Anajua samaki wanakaa wapi mvua ikinyesha na wapi jua likitoka. Kwa hiyo jambo lilikuwa jepesi, isipokuwa kwamba yeye ni mkwe.

Atakayesoma haya akiwa wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwa wengine nitasema tu kwamba katika miaka yote ya ndoa yangu, mama na Kiplimo hawakupeana mkono hata mara moja. Wakikutana njiani, Kiplimo aliingia kwenye chai akasubiri apite. Hawakula meza moja. Chakula cha mama kilipitia kwangu kumfikia, na shukrani zake zilipitia kwangu kurudi. Mtu asidhani walichukiana. Kila Krismasi mama alifunga nzi mmoja, mzuri kuliko wote wa mwaka, akamtia ndani ya kisanduku cha kiberiti na kukiacha mezani bila kusema ni cha nani. Kiplimo alimchomeka nzi huyo kwenye kofia yake. Kofia ilijaa nzi mpaka wageni wakamuuliza ameinunua wapi.

Jioni niliyoleta habari ya boti, Kiplimo alikuwa mlangoni kwa mama, nje, na mama ndani, amempa mgongo.

"Mwambie mama Jumamosi hakuna wageni," Kiplimo aliniambia.

"Mwambie nimesikia," mama akasema. "Kwangu yaliyoharibika ni macho, si masikio."

"Mwambie boti ni ndogo."

"Mwambie na mimi ni mdogo. Na muulize tutakaaje."

Tulifikiri. Mwishoni tukakubaliana kwamba mama akae mbele, Kiplimo nyuma na makasia yake, na mimi katikati, niwe ukuta. Mama aliridhika. Alirudi kwenye kiti chake akaanza kumfunga nzi wa mwisho kwa kupapasa, kwa manyoya ya jogoo wake mwekundu aliyekuwa anawika saa tisa mchana, ambaye tulimla Pasaka.

Jumamosi hiyo ya mwisho wa Julai kulikuwa kimya. Wingu lilikaa juu, maji yalikuwa meusi na laini. Aron alimleta mama kwa pikipiki yake, akabaki juu ya ukuta wa bwawa na simu yake apate video ya kumtumia kila mtu.

"Mama, ukimvua nyangumi nipigie!" alipaza sauti.

"Nikimvua nitakukaanga wewe!" mama akamjibu.

Jaketi la kuelea lilikuwa moja tu botini, na lilikuwa la Kiplimo. Yale ya wageni yalikuwa yamefungiwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda Siongiroi kununua ng'ombe. Kiplimo alilivua akaniwekea mkononi nimpe mama. Mama aliligusa, akajua.

"Hili si la mwenyewe?"

"Ni lake, mama. Vaa."

"Nguo aliyoivaa mkwe wangu kifuani niivae mimi? Wewe Chemutai, umesoma ukapotea?" Akalirudisha mapajani mwangu. Kiplimo naye hakulivaa tena. Lilibaki kwenye ubao kati yangu na yeye.

Tulikwenda mpaka pale kijito kinapoingia bwawani. Kiplimo alimfunga nzi wa mama kwenye uzi, akaurusha mara mbili tatu hewani, ukashuka taratibu. Hakuurusha mbali, kwa sababu ya jicho la mama. Nzi alielea karibu sana na boti, mwekundu kama kaa la moto juu ya maji meusi. Mama aliinama, uso wake karibu na maji.

"Mwambie asiseme kitu," mama alinong'ona, ingawa Kiplimo hakuwa amesema kitu.

Tulikaa. Nilisikia moyo wangu, na mbali kidogo wachumaji wakiitana kwenye chai. Nzi akasogea na upepo, Kiplimo akamrusha tena, na tena. Kisha chini yake kikaja kivuli. Hakikuja kwa haraka. Kilipanda kama mtu anayepanda ngazi nyumbani kwake, na kikawa samaki, nikaona madoa yake na mstari wa waridi ubavuni. Alifungua kinywa, akamfunga nzi ndani, akageuka.

"Amekula!" mama alipiga kelele. "Chemutai, amekula! Nimemwona!"

Akasimama. Katika maisha yake hakuwahi kupanda boti. Alisimama kama mtu anavyosimama kanisani wimbo unapoanza, mikono juu, na boti ikalala upande. Sikuwahi kushika hata leso yake. Aliingia majini.

Boti ilikuwa ikisogea, kwa hiyo alipoibuka, aliibuka upande wa nyuma, pale alipokuwa Kiplimo. Na hapa ndipo nilipoona. Kiplimo alikuwa tayari amepiga magoti. Alinyosha mkono wake wa kulia mpaka maji yakafika kwenye kiwiko, akamwita, bila kupitia kwangu, "Mama! Shika!" Mkono wa mama ulikuwa umetoka majini, unatafuta. Uliugusa wake kwa ncha za vidole. Akamwangalia, kwa lile jicho la kulia linaloona vya karibu. Na mkono wake ukarudi. Ulirudi kifuani kwake, ukajikunja, kama vile ulivyorudi miaka yote mlangoni, mezani na njiani. Akashuka.

Aliibuka tena mbali kidogo. Sasa Kiplimo alishika fimbo ya kuvulia na kumnyoshea upande wa mpini. Hiyo mama aliishika, kwa mikono yote miwili. Kiplimo alimvuta, naye akaja, akaja, mpaka fimbo ikachomoka kwenye kiungo chake, na mama akazama na nusu ya fimbo mikononi. Kiplimo akajitupa. Alimtoa kwa kumshika gauni, nami nikampokea. Alikuwa amemeza maji mengi, na midomo yake ilikuwa ya bluu.

Samaki alikwenda na uzi wake.

Hospitali ilimrudishia mama joto, lakini kifua hakikurudi. Nimonia ilimkamata. Nilikaa naye, nikamsomea Zaburi, naye kila alipopata pumzi aliniuliza kama niliona samaki alivyofungua kinywa. "Kama mtoto kwenye titi," alisema. Hakuwa na huzuni. Siku moja alisema, "Mwambie ahsante ya fimbo."

"Na mkono, mama?" nikamuuliza. "Alikunyoshea mkono."

Aliupapasa mkono wake wa kulia juu ya blanketi.

"Nilitaka kuushika," akasema. "Mkono wangu ulirudi wenyewe. Mimi sikuutuma."

Alifariki siku chache baadaye, alfajiri, nikiwa nimeshika mkono huohuo.

Sasa video. Nilipogeuka nyuma kumfuata mama, Aron alibaki upande wa mgongo wangu. Katika video yake unaona mgongo wangu na koti langu la kijani, unamsikia mama akipiga kelele, boti inalala. Mkono wa Kiplimo umefichwa na mgongo huo, hauonekani. Kinachoonekana ni yeye akiinuka na fimbo ndefu na kuielekeza kwa mwanamke mzee anayezama. Aron aliituma kwenye kundi la familia mama alipokuwa bado wodini, kwa uchungu, bila kufikiri. Mama alipofariki, iliangaliwa upya. Mmoja aliandika, "Mtu ana mikono miwili, anatumia fimbo?" Mwingine, "Anamsukuma huyu." Binamu zetu wa Chepalungu ambao hawakuwahi kumwona Kiplimo waliuliza kama polisi wamearifiwa.

Alhamisi ukoo ulikaa. Kiplimo aliitwa, akasimama mbele yao. Mjomba Hezekiah, kaka yake mama, mzee wa kimya mwenye kofia ya sufu, alimuuliza polepole, "Kijana, kwa nini hukumpa mkono?"

Kiplimo alitazama chini. "Nilimpa fimbo, mzee."

"Hilo tumeliona," Aron akasema. "Wote tumeliona. Uliogopa aibu kuliko ulivyoogopa mama yangu kufa. Basi kaa na heshima yako. Jumamosi usikanyage hapa. Hutatupa udongo. Na dada yangu akitaka kulala kwake baada ya mazishi, hiyo ni shauri yake, lakini hapa asirudi."

Nilifungua kinywa. Kiplimo alinitazama, mara moja tu, na nikakifunga.

Nyumbani nilimkuta akikamua. Nilisimama kwenye matope ya zizi.

"Kwa nini hukuwaambia?"

Hakuacha kukamua. "Niwaambie nini?"

"Kwamba ulinyosha mkono kwanza."

"Wataniuliza kwa nini hakuushika."

"Na waulize!"

"Halafu niseme aliukataa." Maziwa yalipiga ndoo, yakapiga ndoo. "Chemutai, mtu anayekataa mkono majini anaitwaje? Si unajua wanavyomwita. Yule jirani aliyekunywa dawa ya kupe, kuna mchungaji aliyefungua Biblia? Walimfukia kama mbwa, hata wimbo hapana. Unataka mama azikwe hivyo kwa ajili yangu?"

"Na wewe?"

"Mimi niko hai. Mtu hai anaweza kubeba." Akainuka na ndoo. "Na pia si adabu nimsemee mama mkwe. Hata akiwa amekufa."

Usiku huo na uliofuata niliomba. Sikupewa jibu. Wakati mwingine Mungu hunyamaza, nami sitadanganya kwamba nilisikia sauti. Nilichokuwa nacho ni vitu viwili tu, na kila kimoja kiliua kingine. Nikinyamaza, mume wangu atakuwa muuaji wa mama yangu mpaka atakapokufa, na watoto wetu watabeba jina hilo. Nikisema, mama anaweza kunyimwa maombi na kushushwa kaburini kama mtu aliyejiua.

Ndivyo nilivyofika Jumamosi, chini ya hema.

Ibada ilikwenda kama zinavyokwenda. Jecinta alisema machache. Alikuwa ameleta manyoya ya shingo ya jogoo, mekundu, akayaweka juu ya jeneza, akasema, "Bot Aron, ulimwona mteja. Mimi bado." Watu walicheka kidogo, wakalia. Kisha Aron akachukua kipaza sauti. Alizungumza vizuri mwanzoni, juu ya mama alivyotulea kwa ncha za vidole. Lakini uchungu ukampanda. "Mama yetu hakufa kwa ugonjwa," alisema. "Mama yetu aliachwa majini na mtu aliyekula chakula chake." Hema lote likageuka kutazama barabarani.

Kiplimo hakusogea. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na alionekana wazi kuliko asubuhi, na kofia yake mkononi, na nzi wote wa Krismasi juu yake.

Ilikuwa zamu yangu kusoma wasifu. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba niusome, alipofurahi kwamba nimejua kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni. Nilisimama kando ya kaburi. Nilisoma alipozaliwa, na aliyemwoa, na kazi aliyofanya. Nilipofika kwenye kifo chake, niliikunja karatasi.

"Mimi nilikuwa katikati," nikasema. "Aron alikuwa nyuma yangu. Video iliona kile tu Aron alichoweza kuona. Haikuona mbele yangu."

Nikawaambia. Nilisema polepole, kama nilivyoandika hapa. Kwamba Kiplimo alinyosha mkono kwanza. Kwamba alimwita mama kwa sauti yake mwenyewe. Kwamba vidole viligusana. Kwamba mkono wa mama ulirudi.

Hakuna aliyelia. Kelele ilianza nyuma, kama nyuki, ikaja mbele. Kiplimo alikuwa ameweka kofia usoni.

Mchungaji Eliakim alishusha Biblia yake. Ni mtu mwema lakini mkali. "Dada Chemutai," akasema, "fikiri kabla hujajibu. Unasema marehemu alikataa kuokolewa? Alikusudia?"

"Nilimuuliza mwenyewe kitandani. Alisema, nilitaka kuushika. Mkono wangu ulirudi wenyewe, mimi sikuutuma. Na fimbo aliishika, mchungaji. Aliishika kwa mikono yote miwili. Mtu anayetaka kufa hashiki fimbo."

Ni Mjomba Hezekiah aliyesema, akiwa amekaa, bila kipaza sauti, na ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Mkono huo mama yetu aliufundisha kwa kiboko," alisema. "Dada yangu alipokuwa msichana, alimpokea mkwe wa shangazi yetu kibuyu cha maziwa, akagusa kidole chake kwa bahati mbaya. Alichapwa mpaka akashindwa kukaa. Hakugusa tena." Akavuta kofia yake. "Mimi nilikuwepo. Nilicheka."

Mchungaji alitazama jeneza, akatazama Biblia, akaifungua tena mahali alipokuwa ameweka kidole. "Huyu tutamwombea," akasema.

Nilidhani imekwisha. Lakini Aron alikuwa bado amesimama ng'ambo ya kaburi, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyefarijiwa. Nilimwelewa. Alipokuwa na mtu wa kulaumu, alikuwa na mahali pa kuweka mzigo. Sasa nimemwondolea hata hapo.

"Kwa hiyo ni mama," alisema. "Unasimama juu ya kaburi lake unatuambia kosa ni la mama."

"Sikusema kosa."

"Umesema mkono wake ulirudi. Kuna mama gani hapa ambaye wake hautarudi?" Alizunguka akionyesha hema zima, wamama wote na leso zao. "Yupi? Wewe mwenyewe una mkwe. Yuko pale nyuma. Umewahi kumpa mkono? Umemlaumu mama kwa kitu ambacho wewe ungefanya kesho. Kama ungefanya tofauti, sema. Sema hapa, mama akiwa anasikia, na mimi mwenyewe nitatoka niende barabarani nimlete mume wako kwa mkono. Kama huwezi, kaa chini."

Ombui, mume wa binti yangu Celine, alikuwa amesimama mwisho wa hema. Ni kijana Mkisii wa upande wa Chepilat, na kwao mambo haya ni makali kama kwetu, labda kuliko. Tangu amwoe Celine sijawahi kumkaribia kuliko urefu wa chumba. Aliposikia ametajwa, alifanya alichofundishwa. Alirudi nyuma hatua moja, nje ya hema, na maji yaliyokuwa yakidondoka pembeni yakamwangukia begani.

Na mimi, Mungu ananiona, nilipomtazama, mkono wangu ulikuwa tayari umejificha chini ya leso. Sikujua umeingia saa ngapi.

Nikautoa. Nikauinua juu ili wote wauone, juu ya jeneza na manyoya mekundu ya Jecinta.

"Ombui," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kutoka kinywani mwangu mbele yake, na wamama wa mstari wa kwanza walishika vinywa. "Nakuambia wewe, na Celine asikie, na mjomba, na mchungaji, na Aron, na yule aliyesimama barabarani, na mama yangu hapa chini. Siku nitakayozama, iwe ni majini, iwe ni kitandani, ninyoshee mkono wako. Nitaushika. Hata mkono wangu ukitaka kurudi, nitaushika wako. Naahidi."